Kutunza Samaki wa Rangi wa Ziwa Nyasa Nyumbani: Somo kwa Mnunuzi wa Peramiho na Jirani Zake

Utangulizi

Samaki wadogo wa bluu, njano na rangi ya machungwa waishio kwenye miamba ya Ziwa Nyasa hawako mbali na wakazi wa Peramiho. Mtu akipita Mbinga na kuteremka kilometa 66 hivi hadi Mbamba Bay, kisha akasimama juu ya jiwe asubuhi maji yakiwa yametulia, atawaona kwa macho yake wakikwangua ukoga juu ya miamba. Watunzaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani huwatafuta kwa bidii na kuwalipia fedha nyingi. Si ajabu basi kwamba mwananchi wa huku naye hutamani kuwa nao sebuleni, ndani ya tangi la kioo.

Somo hili halimwambii msomaji anunue wala asinunue. Kusudi letu ni kumwonyesha anachokinunua hasa. Anayenunua samaki hawa hanunui pambo kama saa ya ukutani. Ananunua maji yatakayohitaji kupimwa, umeme utakaolipwa kila mwezi, na kazi ya kila juma. Mambo hayo matatu yasipotajwa dukani, mnunuzi hupata hasara, na samaki hufa.

Tuchukue mfano. Tuseme mwalimu mmoja amejiwekea akiba kwa miezi kadhaa. Siku moja ananunua tangi, chujio, mchanga na samaki 20, vyote kwa pamoja, na kurudi navyo nyumbani jioni. Siku tatu za kwanza watoto hawaondoki mbele ya kioo. Siku ya tano samaki wanapandisha vinywa juu ya maji. Siku ya nane wamebaki wawili. Mwuzaji anamwambia kwamba ni baridi ya Songea, na anamwuzia dawa na samaki wengine kumi. Baada ya juma moja nao wamekufa. Mwalimu huyu hakukosea kwa uvivu, wala baridi haikuwa sababu kuu. Samaki wake waliuawa na uchafu wao wenyewe, katika maji yaliyoonekana safi kabisa. Tutaeleza jinsi hilo linavyotokea na namna ya kulizuia.

Samaki hawa ni viumbe wa namna gani

Ziwa Nyasa lina kina kinachokaribia mita 700 na zaidi ya spishi 500 za samaki, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wale wa miambani huitwa mbuna. Wengi wao hukua kufikia urefu wa sentimeta 10 hadi 13. Ni wa jamii moja kubwa na perege tumlaye, lakini tabia zao zina mambo manne ambayo mnunuzi hana budi kuyajua.

Kwanza, hupenda maji yenye chumvichumvi za madini, yaani maji magumu kiasi, yenye kipimo cha pH kati ya 7.8 na 8.6. Pili, hupenda joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, na hupenda joto hilo lisibadilikebadilike. Tatu, ni wagomvi: dume hujitwalia pango na kuwafukuza wengine. Nne, jike huyaatamia mayai kinywani mwake kwa muda wa majuma matatu hivi, na katika muda huo hali chakula. Mnunuzi asiyelijua hili humwona jike amevimba shavu na kukataa chakula, akadhani ni mgonjwa, akamtia dawa bure.

Gharama ambayo haiandikwi kwenye bei

Kabla ya kuuliza bei ya tangi, tunashauri mnunuzi achukue karatasi na kupiga hesabu ya umeme. Peramiho iko zaidi ya mita 500 juu ya uso wa ziwa, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni wa baridi kali. Hita ni lazima.

Tuchukue tangi la lita 240. Hita yake ni ya wati 200. Ikifanya kazi saa 12 kwa siku katika miezi ya baridi, itatumia uniti 2.4 kwa siku, yaani uniti 72 kwa siku 30. Pampu ya chujio ya wati 15 huwaka mchana na usiku, nayo hutumia uniti 11 hivi kwa mwezi. Taa ya wati 20 ikiwashwa saa nane kwa siku, hutumia uniti 5. Jumla ni uniti 88 kwa mwezi.

Sasa tuziweke uniti hizo kwenye LUKU ya nyumba ya kawaida. Kwa viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, yaani mwenye matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 45 ilikuwa ikilipa shilingi 4,500. Ikiongezewa uniti 88 za tangi, matumizi yanafika 133. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500, na uniti 58 zilizozidi ni shilingi 20,300. Jumla ni shilingi 27,800, kabla ya kodi na tozo. Tangi peke yake limeongeza shilingi 23,300 kwa mwezi. Aidha, mteja anayevuka kiwango hicho mara kwa mara huweza kuhamishwa kutoka kundi la D1, akapoteza hata ile nafuu ya uniti za mwanzo. Kwa hiyo kabla ya kununua, ulizia bei za uniti zinazotumika wakati huo na ujue uko kundi gani.

Hesabu hii isimtishe msomaji mno, kwa kuwa sehemu kubwa ni ya hita, nayo hupunguzika. Liweke tangi kwenye ukuta wa ndani wa nyumba, mbali na dirisha na mlango. Lifunike juu kwa kioo, maana joto jingi hutorokea juu. Bandika kipande cha sponji ya godoro au tabaka mbili za maboksi nyuma na ubavuni. Hita ikipunguza kazi hadi saa sita kwa siku, matumizi ya nyumba ile ile yatashuka hadi uniti 97, na malipo hadi shilingi 15,200. Kifuniko cha kioo kinalipa gharama yake mapema.

Tangi: lipime mwenyewe

Mnunuzi aende dukani na futi kamba. Ukubwa wa tangi hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimeta, kisha kugawanya kwa 1,000. Tangi lenye urefu wa sentimeta 80, upana 35 na kimo 40 ni la lita 112. Likiuzwa kwa jina la "lita 200", jina hilo ni la uongo, na hata bei yake ni ya uongo. Tangi la sentimeta 120 kwa 40 kwa 50 ndilo la lita 240.

Kwa mbuna hatushauri tangi lililo chini ya lita 200, na tunapendelea liwe refu kuliko liwe la kwenda juu. Sababu ni ugomvi tuliotaja: katika nafasi ndogo samaki dhaifu hana pa kukimbilia. Wengi huanza na tangi dogo kwa kuogopa gharama, kumbe tangi dogo ndilo gumu kulitunza, kwa kuwa uchafu kidogo huharibu maji yote na joto hupanda na kushuka upesi.

Kwa tangi la kimo cha sentimeta 50 na urefu wa sentimeta 120, dai kioo chenye unene wa milimita 10 na vipande vya kushikilia kingo za juu. Kagua maungio: silikoni iwe imejaa bila mapovu. Mwombe mwuzaji alijaze maji mbele yako, au mwandikiane kwamba likivuja ndani ya siku kadhaa atalirudisha. Kumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi hilo likijazwa maji, mawe na mchanga litazidi kilo 300, na meza ya kawaida ya sebuleni haitalibeba. Jenga msingi wa matofali au chuma, uliosawazishwa kwa pimamaji, na uweke kipande cha sponji nyembamba chini ya kioo.

Ndani, panga mawe kwanza, yakae moja kwa moja juu ya sponji au plastiki iliyotandazwa sakafuni mwa tangi, ndipo umwage mchanga. Mbuna huchimba. Jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka na kuvunja kioo.

Majuma sita ya subira

Hapa ndipo mwalimu wa mfano wetu alipoangamia. Samaki anapopumua na kujisaidia hutoa amonia, ambayo ni sumu. Chakula kilichobaki nacho kikioza hutoa amonia. Ziwani sumu hiyo hupotea katika maji mengi. Ndani ya tangi haina pa kwenda, isipokuwa kuwe na bakteria wa kuila.

Bakteria hao wapo wa aina mbili. Wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na ambayo huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huishi hasa katika sponji ya chujio na juu ya mawe. Tangi jipya halina hata mmoja. Huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka kiasi cha kutosha, na maji yakiwa ya baridi huchelewa zaidi.

Msomaji wa huku ana sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali yake ya sumu kali. Mbuna hupenda pH ya juu. Kiasi cha amonia ambacho samaki wa maji laini angekivumilia huweza kuwaua mbuna.

Njia iliyo salama ni hii:

1. Jaza tangi, washa chujio na hita, na uache vifanye kazi bila samaki hata mmoja.
2. Tia ubano mdogo wa chakula cha samaki kila siku, kama vile samaki wapo. Chakula kikioza, bakteria watapata riziki.
3. Kila baada ya siku tatu pima amonia na nitriti kwa vifaa vya kupimia maji. Kwanza amonia itapanda, kisha itashuka huku nitriti ikipanda, halafu nayo itashuka.
4. Siku ambayo amonia na nitriti vyote vinasoma sifuri, na vinabaki sifuri kwa juma zima ingawa unaendelea kutia chakula, tangi limekomaa. Badilisha nusu ya maji, ndipo ukanunue samaki watano au sita wa kwanza.

Ukimjua mtu mwenye tangi lenye afya, omba kipande cha sponji ya chujio lake, ukisafirishe kikiwa kimelowa maji ya tangi hilo. Kitakuokolea majuma kadhaa. Vifaa vya kupimia maji ni ghali kidogo, lakini linganisha bei yake na bei ya samaki 20. Mwuzaji anayekuambia kwamba samaki wanaweza kuingia siku ile ile, au kwamba macho yanatosha kupima maji, anakuuzia hasara.

Maji ya Peramiho na maji ya ziwa

Maji ya mvua ni laini, na maji ya vijito vya milimani mara nyingi ni laini pia: madini yake ni machache na pH yake huyumba. Pima maji yako kabla ya kudhani chochote. Yakiwa laini, yatie ugumu kwa njia hizi mbili. Ya kwanza ni kuchanganya kokoto za mawe ya chokaa katika mchanga. Ili kulijua jiwe la chokaa, lidondoshee siki. Likitoa mapovu, ndilo. Ya pili ni kuyeyusha soda ya kuokea, yaani bikaboneti ya sodiamu, katika maji ya kubadilishia: kijiko kimoja cha chai kwa lita 100, kisha upime, na uongeze siku nyingine ikibidi. Usiibadilishe pH ya tangi lenye samaki kwa ghafla. Kamwe usitumie magadi yatumikayo kutengenezea sabuni. Ni makali, na yatawaua samaki kwa dakika chache.

Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe kwenye ndoo zisizofunikwa kwa saa 24, yakikorogwa mara kwa mara, kabla ya kuingia tangini. Klorini huwaunguza samaki mashavu na kuwaua wale bakteria uliowangoja majuma sita. Ndoo hizo ziwe za kazi hiyo tu, zisiguswe na sabuni.

Kumchagua samaki

Mwombe mwuzaji azime taa ya bluu au ya waridi iliyo juu ya tangi lake. Taa za namna hiyo humfanya samaki wa kawaida aonekane kama kito. Mtazame kwa mwanga wa mchana. Kisha mwangalie vizuri: mapezi yawe wazi, macho yawe maangavu, tumbo lisiwe limebonyea wala kufura, mashavu yasipwite haraka, na ngozi isiwe na madoa meupe kama chembe za chumvi. Omba alishwe mbele yako. Mbuna mwenye afya hukikimbilia chakula. Ukiona mzoga hata mmoja katika tangi hilo, usinunue chochote humo.

Shuku samaki mchanga wa sentimeta 4 au 5 mwenye rangi kali kama ya dume zima. Katika biashara ya samaki wa mapambo duniani wapo wafugaji wanaowapa samaki wachanga homoni ili rangi itokee mapema. Mnunuzi akifika nyumbani, rangi hufifia baada ya majuma machache, na samaki huweza asizae.

Nunua dume mmoja kwa majike watatu au zaidi wa aina ile ile. Kwa tangi la lita 240, samaki 12 hadi 15 wanatosha, wakiongezwa kwa mafungu katika miezi miwili au mitatu.

Uliza pia samaki ametoka wapi. Kukusanya samaki wa mapambo ziwani na kuwauza ni shughuli yenye leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Mwuzaji halali hataona haya kuonyesha karatasi zake. Ukitaka kwenda kujivulia mwenyewe, fika kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri.

Safari na siku ya kwanza

Samaki wasilishwe siku moja kabla ya safari. Mfuko uwe wa tabaka mbili, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, ndani ya boksi lenye giza. Ukifika, zima taa ya tangi. Elea mfuko ulio fungwa juu ya maji kwa dakika 20 ili joto lilingane. Ufungue, utie kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano, mara tano au sita. Kisha wahamishe samaki kwa wavu. Maji ya mfuko yamwagwe nje, yasiingie tangini.

Chakula na rangi

Ziwani mbuna hukwangua ukoga na vijidudu vilivyomo. Utumbo wake ni mrefu, umeumbwa kwa chakula cha mimea. Mlishe chakula chenye mwani kwa wingi, na majani kidogo kama mchicha uliochovywa katika maji ya moto. Usimpe nyama ya ng'ombe wala dagaa kila siku. Chakula kizito cha namna hiyo huhusishwa na ugonjwa wa kufura tumbo, ambao huua upesi. Lisha mara mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Siku moja kwa juma usilishe kabisa.

Wengi hutuuliza ni dawa gani ya kurudisha rangi. Hakuna dawa inayozidi maji safi. Samaki aliyefifia kwa kawaida ana jambo mojawapo kati ya haya: nitrati imepanda, joto limeshuka, anaonewa na dume mkubwa, au anakula chakula cha aina moja kilichopoteza nguvu kwa kukaa wazi muda mrefu. Kumbuka pia kwamba katika aina nyingi jike na dume hawafanani rangi, na dume aliyeshindwa huficha rangi yake ili asipigwe. Pima maji kwanza, panga mawe upya ili mipaka ya ugomvi ivurugike, nunua chakula katika kopo dogo lenye tarehe ya kwisha. Subiri majuma mawili kabla ya kutoa fedha nyingine.

Kazi ya kila juma, na umeme ukikatika

Kila juma badilisha robo hadi theluthi moja ya maji, kwa maji yenye joto linalolingana. Nitrati ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita, na ikiwa chini ya 20 ni bora zaidi. Kila mwezi suuza sponji ya chujio katika ndoo ya maji yaliyotoka tangini, si chini ya bomba.

Kabla ya kutia mkono majini, chomoa hita na vifaa vyote. Hita ipoe dakika 15 kabla ya maji kushuka, la sivyo kioo chake hupasuka. Kila waya ulegezwe uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Soketi isiwe chini ya tangi. Maji na umeme vimekaa pamoja sebuleni mwako, mahali ambapo watoto hucheza.

Umeme ukikatika, usilishe. Lifunge tangi kwa blanketi. Kila nusu saa chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu ili hewa iingie. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni akiba nzuri. Kukatika kukizidi saa chache, suuza chujio kabla ya kuliwasha tena, kwa kuwa maji yaliyosimama ndani yake huwa yameoza.

Kuhusu matumbawe

Wapo wanaoshawishiwa kununua matumbawe ya bahari ya kuweka sebuleni, hasa yale yenye umbo la uyoga na rangi za kupendeza. Ushauri wetu ni kuyaacha. Tangi la matumbawe huhitaji gramu 35 hivi za chumvi maalumu kwa kila lita. Tangi la lita 240 hutaka zaidi ya kilo 8 kabla hujabadilisha maji hata mara moja, na chumvi ya mezani haifai. Taa na joto lake havivumilii umeme unaokatika.

Pia kuna sheria. Matumbawe yote yenye kiunzi cha mawe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES, ambao Tanzania ni mwanachama wake, na hayavuki mpaka bila kibali. Katika hifadhi za bahari kama ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, matumbawe yanalindwa. Mto huo chimbuko lake ni milima ya Matogoro hapa Songea, nao humwaga maji yake karibu na matumbawe hayo. Mkazi wa huku huyatunza zaidi kwa kuhifadhi vyanzo vya maji kuliko kwa kuyanunua.

Haki zako

Dai risiti, na uombe iandikwe aina ya samaki, idadi yao na ukubwa wa tangi kwa lita. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukiona umedanganywa, rudi kwanza kwa mwuzaji na risiti na picha, na uandike malalamiko yako kwa tarehe. Asipokusikiliza, peleka shauri kwa Tume ya Ushindani. Malalamiko yasiyo na risiti wala tarehe ni magumu kusaidiwa.

Ukichoka au ukihama

Usimwachie samaki yeyote mtoni, bwawani wala ziwani, hata kama alitoka ziwani. Samaki wa tangini huweza kubeba magonjwa, na wa aina tofauti waliozaliana tangini huweza kuharibu uzao wa wale wa asili. Mpe mtunzaji mwingine, shule, au umrudishe kwa mwuzaji.

Maswali ya kujipima

1. Tangi la sentimeta 100 kwa 40 kwa 45 ni la lita ngapi? Je, linawafaa mbuna?
2. Nyumba yako hutumia uniti ngapi kwa mwezi? Ukiongeza 88, utalipa kiasi gani?
3. Amonia inasoma sifuri lakini nitriti bado ipo. Je, ni wakati wa kununua samaki?
4. Jike amevimba shavu na hali chakula kwa siku kumi. Utafanya nini kabla ya kununua dawa?

Majibu: la kwanza ni lita 180, nalo ni dogo. La pili unalo mwenyewe kwenye LUKU yako, na usinunue mpaka umelijibu. La tatu ni hapana, subiri. La nne, mwache atulie: huenda baada ya majuma mawili mengine utaona vifaranga wadogo wakitoka kinywani mwake.